Sura ya Tano: Spoki na Chumvi ya Bahari

Pepo za kusi zinapovuma juu ya Ghuba ya Tanga, na hewa ikajaa ule unyevu ambao ulimi huutambua kabla ya ngozi, kila chuma kilichoachwa wazi hubadilika rangi polepole, wala mwenyewe hana habari, mpaka siku moja aipite pikipiki yake jua likiwa limeinama, akashituka kuona kwamba magurudumu aliyoyanunua yakimetameta kama sinia ya harusi yameshika rangi ya udongo mwekundu wa Usambara. Hutazama kwanza ringi, kisha tairi, kisha huinama. Na huko ndani, baina ya kitovu na ringi, ndiko anakoyakuta madhara yenyewe. Katika viungo vyote vya chombo hiki hakuna kinachodharauliwa kama spoki. Injini ikikohoa husikilizwa, breki ikilegea hulalamikiwa, hata kioo cha ubavuni kikipata ufa mwenyewe hukionea uchungu. Lakini ule waya, ambao unene wake ni kama nusu ya penseli, na ambao wengine huuita njiti kana kwamba ni kitu cha kuwashia moto, huachwa na tope lake na chumvi yake mpaka ukatike, na ukishakatika ndipo watu huuliza ulikuwa na kazi gani.

Kazi yake si haba. Gurudumu la mkokoteni husimama juu ya miti yake: mti ulio chini hubanwa baina ya kitovu na ardhi, na kwa kuwa hubanwa hauna budi kuwa mnene. Gurudumu la waya limejengwa kwa hila nyingine kabisa. Waya ukiusukuma kwa ncha hupinda, lakini ukiuvuta una nguvu za kustaajabisha. Basi aliyelibuni alizivuta nyaya zote kwa pamoja, kila moja ikishindana na mwenziwe wa upande wa pili, hata ringi ikawa imeshikwa pande zote kwa mvutano ulio sawa, mfano wa ngozi ya ngoma iliyowambwa. Mwingereza George Cayley, ambaye fikira zake zilikuwa juu ya vyombo vya kuruka na kwa hiyo alitaka gurudumu jepesi, aliliandika wazo hili mwaka 1808; mwaka 1870 James Starley na William Hillman wa mji wa Coventry wakalitia katika baiskeli; na mwaka 1874 Starley akazilaza spoki kwa mshazari, zikawa hazitoki kitovuni moja kwa moja bali zinakipita ubavuni na kupishana, ili ziweze kupokea nguvu za kuzungusha. Pikipiki ilirithi gurudumu hilo, ijapokuwa ile ya kwanza ya Daimler na Maybach, ya mwaka 1885, ilikuwa bado ikitembea juu ya magurudumu ya mbao.

Watu wengi, na mafundi wamo, husema kwamba kitovu kinaning'inia kwenye spoki za juu. Ni maneno yenye sura ya ukweli, lakini vipimo vimeonyesha jambo jingine: spoki za juu hazizidi kuvutika ila kwa kiasi kidogo mno, ilhali zile chache zilizo chini, pale tairi linapokanyaga ardhi, hupunguziwa mvutano wake kwa ghafula, kisha zikarudishiwa mara tu zinapoinuka. Kila spoki, basi, hulegezwa na kukazwa mara moja katika kila mzunguko. Gurudumu la inchi 18 pamoja na tairi lake huzunguka takriban mara 530 katika kilomita moja, na mwendesha bodaboda atembeaye kilomita 100 kwa siku huwa amezilegeza na kuzikaza spoki zake zaidi ya mara 50,000 kabla ya adhana ya magharibi. Waya wenye uso laini hulistahimili jambo hili miaka na miaka. Waya uliotobolewa na kutu haulistahimili, kwa maana kila kishimo, hata kiwe kidogo kuliko punje ya mtama, hukusanya mvutano mahali pamoja, ufa ukaanzia hapo na kutambaa siku hata siku, mpaka asubuhi moja, pengine katika barabara iliyonyooka isiyo na shimo wala tuta, spoki ikalia mara moja na kukatika.

Kwa sababu hii mimi sikubaliani na wale wanaoihesabu kazi ya kusafisha spoki kuwa ni ya urembo. Urembo umo, wala sikatai kwamba gurudumu linalong'aa humfurahisha mwenye macho. Lakini kinachotafutwa chini ya kutu ni habari, yaani kiasi gani cha feleji kimebaki na kiasi gani kimekwenda. Nimekwisha kuona, tena mara nyingi, pikipiki inayotaka kuuzwa ikipuliziwa rangi ya fedha juu ya kutu na tope, spoki zote 36, na nati zake, na hata vali ya tairi kwa bahati mbaya, ikapendeza kwa muda wa majuma mawili. Anayenunua chombo cha namna hiyo hununua gurudumu lililovaa buibui.

Watu wa pwani hawakuanza jana kujua yaliyo baina ya chumvi na chuma. Mtepe, chombo cha wazee wetu wa Lamu na visiwa vyake, haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na kile kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Masihi, kinasema kwamba bandari ya Rhapta katika pwani yetu ilipata jina lake kwa vyombo vilivyoshonwa. Majahazi yalipokuja kupigwa misumari, mafundi waliyapaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake humfuata mtu mpaka nyumbani, ili maji yasipate njia. Mwenye pikipiki wa leo anayeilaza chini ya mwembe hatua mia kutoka ufukoni, asiipake hata tone la mafuta, amesahau elimu ambayo babu yake alikuwa nayo.

Kutu, kwa maneno mepesi, ni chuma kilichokutana na maji na hewa kikaungana navyo. Chumvi si lazima iwepo, lakini ikiwapo huyafanya maji kuwa mepesi kupitisha ule umeme mdogo unaosafiri katika uso wa chuma wakati kinapoliwa, na kwa hiyo huiharakisha kazi. Fauka ya hayo, chumvi huvuta unyevu wa hewani, hata chuma kikadhaniwa kikavu na kumbe kinaoga. Watengenezaji, wakilijua hilo, huzivika spoki nguo. Aghalabu nguo hiyo ni zinki, kwa hikima iliyopewa haki mwaka 1837 huko Ufaransa kwa jina la Stanislas Sorel; na tabia ya zinki ni ya mlinzi mwaminifu, kwani maji ya chumvi yakifika huliwa yenyewe kwanza kabla ya chuma inachokilinda, hata mahali ilipokwaruzwa. Ndiyo sababu spoki ya zinki huanza kwa kutoa unga mweupe, na mwenye kuuona unga huo asifadhaike: mlinzi yungali zamu. Unga ukigeuka kuwa mwekundu ndipo ajue kwamba mlinzi amekwisha.

Kromiamu ni kinyume chake. Inang'aa kuliko zinki, nayo hupakwa juu ya nikeli, wala yenyewe haipati kutu. Lakini uso wake una nyufa ndogo zisizoonekana, na maji yakishapenya mpaka kwenye chuma, nikeli na kromiamu haziliwi, bali chuma ndicho kinacholiwa badala yao, tena kwa pupa, kwa kuwa nguvu zote zimekusanyika katika kitobo kimoja. Kitone cha kahawia juu ya spoki ya kromiamu, kisichozidi ukubwa wa kichwa cha pini, huweza kuwa mdomo wa kishimo kirefu. Naliogopa hilo kuliko kutu nyekundu inayobanduka kwa maganda, ambayo angalau haijifichi. Spoki za feleji isiyoshika kutu, ile iliyotoka kwa Harry Brearley wa Sheffield mwaka 1913, hazina mashaka mengi ya namna hii, ila bei yake huwafanya wengi wetu kuzisifu kwa mbali.

Nilijifunza kuzisoma alama hizi kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo huko Ngamiani, ambaye nilimpelekea gurudumu la nyuma la Honda yangu baada ya kulitenda jambo la aibu. Kwa ushauri wa rafiki, na kwa ajizi yangu mwenyewe, nilikuwa nimezilaza spoki kadhaa usiku kucha katika maji ya betri, nami nikafurahi asubuhi kuziona zimekuwa za kijivu, safi, hazina hata doa. Mbili zilikatika kwenye kiwiko kabla sijamaliza safari ya Pangani.

"Mwanangu," alisema yule mzee akivigeuza vipande vyake mkononi, "kutu ilikuwa imekula robo, nawe ukaimalizia kazi."

Alichokisema kina ithibati katika elimu. Asidi kali haichagui baina ya kutu na chuma. Hula vyote, na zinki huila kwanza. Zaidi ya hayo, chuma kinapoliwa na asidi hutoka haidrojeni, na chembe zake, kwa kuwa ni ndogo kuliko zote, huingia ndani ya feleji ngumu na kuifanya iwe kavu, ya kuvunjika badala ya kupinda. Spoki ni waya uliovutwa baridi hata ukapata nguvu kubwa, nao ni katika vyuma vinavyopaswa kukingwa na msiba huo. Kuna na njia ya umeme, inayopendwa na wenye kupenda majaribio: spoki hutiwa katika maji ya magadi, hufungwa kwenye upande hasi wa chaja ya betri, na kipande cha chuma kisicho na thamani hufungwa upande chanya, kutu ikalegea yenyewe. Huondoa kutu vizuri mno, nami hutumia njia hiyo kwa vipande vinene visivyobeba mzigo. Lakini mapovu yanayopanda kutoka kwenye spoki ni hiyohiyo haidrojeni, yenye kuwaka moto na yenye kuingia katika feleji, kwa hiyo spoki zangu siziweki humo.

Yule mzee hakuwa na chaja wala asidi. Jambo la kwanza alilolifanya lilinishangaza, kwa sababu hakugusa kopo la mafuta ya taa lililokuwa mbele yake. Alichukua ndoo ya maji baridi na sabuni ya kufulia, akaliosha gurudumu lote, akalisuuza, akarudia tena. Mafuta ya taa, alinieleza, huondoa grisi, lakini chumvi hayaijui. Atakayeanza na mafuta huifunika chumvi chini ya utando, akaiacha iendelee na shughuli zake. Chumvi huyeyuka katika maji na si katika mafuta. Baada ya maji ndipo yakaja mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, hasa mahali spoki mbili zinapopishana na kugusana, na pale kiwiko kinapoingia katika tundu la kitovu, na pale nati inapokaa juu ya ringi. Maana hizo ni pembe tatu ambamo maji hukaa baada ya sehemu nyingine zote kukauka.

Kisha akakaa juu ya kigoda, akanipa kigoda kingine, na kwa saa mbili nzima hatukufanya ila kusugua. Mashine ya brashi ya waya aliikataa, akisema inakimbia kuliko jicho. Nami naongeza kwamba inarusha vijiti vya waya, na asiyevaa miwani atakuja kulijua hilo kwa majuto. Kwa spoki za zinki tulitumia pamba laini ya chuma iliyochovywa mafuta, kwa kugusa tu palipokuwa pekundu, tukiuacha ule uso wa kijivu ambao bado ni kinga. Spoki za gurudumu la mbele, ambalo nalo nilikuwa nimelileta, zilikuwa za kromiamu, nazo hazikuguswa kwa pamba hiyo. Alichana karatasi ya alumini, ile ya kufunikia vyakula, akaikunja, akaichovya katika maji, akasugua kwa wepesi. Na kwa kuwa alumini ni laini kuliko kromiamu, kutu hutoka wala mng'ao haukwaruzwi. Msasa haukutajwa kabisa.

Zilikuwapo spoki nne ambazo kutu yake ilikuwa nene, nazo tulizifungua. Hapo ndipo jiko linapokutana na karakana. Wanawake wa pwani tangu zamani husugua sinia na mabirika ya shaba kwa ukwaju au ndimu ikikaribia Idi, na asidi iliyo ndani ya matunda hayo, kama ile iliyo katika siki, ni dhaifu kiasi cha kuila kutu kwa haraka na chuma kwa polepole. Ukwaju ulirowekwa katika chupa pana, spoki zikalazwa humo kwa muda usiozidi saa chache, zikatazamwa kila mara, zikatolewa mara kutu ilipogeuka kuwa tope jeusi la kufutika kwa kidole. Baada ya hapo ziliingizwa katika maji ya magadi, yaleyale ambayo wapishi huyatia katika maharage, ili asidi iliyobaki iuawe. Zikasuuzwa, na kukaushwa juani papo hapo, maana chuma kilichovuliwa nguo hakingoji adhuhuri ya pili.

Kufungua spoki iliyoshikwa na kutu kunahitaji subira kuliko nguvu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zaidi ya mara mbili, na katika hesi nyembamba za nati nafasi hiyo haipo. Matokeo yake nati na waya hushikana kama ndugu waliogombana na mtu. Yule mzee alitia mafuta membamba ya kupenya, akaliacha gurudumu limelala ubavu mpaka kesho yake, kisha akafunga utepe mdogo wa karatasi kwenye kila spoki, ukasimama kama bendera. Alipoizungusha nati kwa spana ya spoki, macho yake yalikuwa kwenye ile bendera: ikitulia, nati inazunguka, bendera ikigeuka pamoja na mkono, basi ni waya unaojisokota, na kuendelea ni kuuvunja. Hila hii ni ndogo, nami sijakutana nayo katika kitabu chochote cha karakana nilichokisoma, lakini imeniokolea spoki nyingi kuliko mafuta ya bei.

Zikiwa safi, ndipo hukumu ikaja. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila waya, kutoka kichwani hata kwenye hesi. Palipokuwa na doa tu, ukucha uliteleza. Palipokuwa na kishimo, ulinasa. Kishimo katikati ya waya, kikiwa chembamba, alikisamehe. Katika kiwiko au karibu na hesi hakusamehe kitu, kwa kuwa hapo ndipo spoki nyingi hukatikia hata zisizo na kutu. Kisha akalisimamisha gurudumu kwenye mhimili wake na kuzigonga spoki moja moja kwa mpini wa bisibisi, kichwa kikiwa kimeinama kama cha mpiga udi anayetia sauti nyuzi zake.

"Hii inalia," akasema. "Hii inanung'unika. Hii imekufa."

Wakati huo nikafahamu kwa nini hakutaka kuzigonga siku ya kwanza. Spoki yenye ganda la tope na grisi hutoa sauti nzito hata iwe imekazwa vizuri, na ile iliyoshikana na mwenziwe kwa kutu pale zinapopishana huazima sauti isiyo yake. Tulikuwa tumesugua saa mbili ili masikio yapate kufanya kazi.

Katika 36, tano zilihukumiwa. Kuzibadilisha kuna hadhari yake, kwa sababu katika pikipiki nyingi spoki zinazopita upande wa nje wa kitovu na zile za upande wa ndani hazina kiwiko cha pembe moja, na atakayenunua kwa kupima urefu pekee hurudi dukani siku hiyohiyo. Inafaa kwenda na ya ndani na ya nje mkononi. Nati za zamani, zilizokuwa za shaba ya manjano, tulizirudisha baada ya kuzisafisha hesi, kila moja ikatiwa grisi kidogo. Kunyoosha gurudumu sitakueleza kwa urefu, kwani sura nyingine inakuja juu yake. Itoshe kusema kwamba kipande cha chaki kilishikwa karibu na ringi, gurudumu likazungushwa taratibu, na palipoguswa na chaki spoki za upande mmoja zililegezwa na za upande wa pili kukazwa, kwa robo ya mzunguko wa nati kila mara, mpaka kuyumba kukawa chini ya milimita 2, kiasi ambacho kwa pikipiki nyingi ndicho kikomo. Ncha za waya zilizochomoza upande wa ndani wa ringi zilipigwa tupa, ukanda wa mpira ukarudishwa juu yake, vinginevyo tyubu ingetobolewa kabla ya kutoka uani.

La mwisho lilikuwa ni kinga. Spoki zilizokwisha kuvuliwa zinki zao katika ukwaju zilipakwa rangi yenye unga wa zinki, kwa brashi nyembamba, tabaka mbili. Nyingine zilifutwa kwa kitambaa chenye nta iliyolainishwa juani. Mafuta ya nazi aliyakataa kwa kuwa huganda na kushika vumbi, na oili ya injini iliyokwisha kutumika aliikataa kwa hasira, akisema inachukua taka za injini na kuzipeleka kwenye breki. Akanipa na masharti: nikitoka Pangani, ambako gari na pikipiki huvuka mto kwa kivuko na maji ya chumvi hayana haya, niioshe kwa maji ya bomba usiku uleule; nisiiegeshe kila siku kwa namna moja, maana matone hukusanyika kwenye nati za spoki zilizo chini; na nikishatembea kilomita 100 nimrudishie gurudumu, kwa kuwa spoki mpya hujikalisha katika matundu yake na kulegea kidogo.

Nilirudi baada ya majuma mawili. Alizigonga zote 36 bila kuniambia neno, akakaza tatu, akazigonga tena. Nilipokuwa nikitafuta fedha mfukoni niliona kwenye ukuta wa karakana zile spoki zangu tano zilizohukumiwa: alikuwa amezikata vichwa, akazipinda na kuzipigilia ubaoni, na sasa zimekuwa kulabu za kutundikia spana.